Mstari wa Arobaini na Moja

1

Tumpe aliweka ndoo chini ya bomba, akasogeza mkono wenye bangili karibu na jicho la bomba, akasubiri. Hakikutoka kitu. Akaufuta mkono kwa khanga, akausogeza tena. Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye bangili, na taa nyingine nyekundu ikawaka kwenye bomba, kama watu wawili waliokubaliana jambo.

Dada yake, Tusekile, alikuwa ng'ambo ya mawe yaliyopakwa chokaa, hatua kumi na mbili kutoka hapo. Alikuwa ametoka Tukuyu mjini asubuhi ile na kupanda hadi kijiji cha Isyeto ili aone kwa macho yake. Alikuwa ameambiwa mara nyingi, lakini kuambiwa na kuona si kitu kimoja.

"Umeona?" Tumpe aliuliza.

"Nimeona."

Tusekile aliteka ndoo yake mwenyewe upande wa pili, ambako bomba lilifunguka bila kusitasita, akaiweka juu ya mawe, akarudi nyuma akihesabu hatua. Zilipotimia kumi, Tumpe akaja. Alitembea taratibu, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Mumewe, Lusajo, alikuwa amezikwa siku sabini na nne zilizopita, na homa iliyomuua ndiyo iliyompitia na Tumpe, ikamwacha hai na alama mkononi.

"Cherehani nayo imegoma," Tumpe alisema. "Nilitaka nimshonee mtoto shuka. Nikigusa tu, inazima. Mlango wa zahanati ndiyo usiseme. Juzi nimesimama pale tangu saa mbili, nesi ananitazama dirishani analia. Dada, si wewe uliyevifundisha hivi vitu kusema? Viambie basi."

"Nimewaambia wenzangu."

"Wanasemaje?"

"Wanasema sheria ni siku tisini."

Tumpe aliinama, akaishika ndoo, kisha akaiachia kwanza apumzike. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimuumiza Tusekile zaidi.

"Huyu hana siku tisini," alisema.

2

Lugha ya Punje ilizaliwa katika karakana ya chuo cha ufundi, Tukuyu, mvua ikigonga bati kiasi kwamba mwalimu alilazimika kupaza sauti. Tusekile alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na sanduku moja la chipu zilizong'olewa kwenye redio na midoli iliyokufa. Lugha nyingine zote za kuamuru mashine zilikuwa kubwa mno kwa chipu zile, na zote zilidai Kiingereza ambacho nusu ya darasa lilikuwa linakibabaisha. Basi akaandika yake. Maneno yake ya msingi hayakuzidi ishirini na manne: kama, basi, rudia, subiri, washa, zima, sikiliza, na mengine ya namna hiyo. Ilienea ndani ya chipu ambayo isingeweza kubeba barua moja ya mapenzi.

Kilichoikuza Punje hakikuwa udogo wake. Ilikuwa adabu yake. Ukikosea, haikukutupia namba; ilikuambia, "Sijakuelewa hapa, mstari wa tisa. Ulitaka taa iwake au izime?" Na ukiandika kwenye jukwaa la wenyewe, watu walioitwa Wapanzi, ulijibiwa kwa jina lako, hata swali lako liwe la kitoto namna gani. Miaka sita ya mwanzo Tusekile alijibu kila barua mwenyewe. Mfugaji wa Makete aliyetaka banda la vifaranga lijipashe joto. Mchimba chumvi wa Uvinza. Binti wa miaka kumi na sita kutoka Bariadi, Kabula Ngassa, aliyetaka pampu ya shamba la pamba la mama yake inyamaze kisima kikikauka.

"Mwalimu," Kabula aliandika siku ile, "nimeiba mistari yako kumi. Samahani."

"Hujaiba," Tusekile alimjibu. "Umeisoma? Basi ni yako."

Hiyo ikawa sheria ya kwanza. Ya pili ilikuwa kwamba hakuna mstari unaoingia kwenye kiini cha Punje kabla haujasomwa na watu wawili ambao hawakuuandika. Tusekile aliongeza kwa kalamu yake: hata ukiwa wangu.

Wapanzi wakawa elfu moja, wakawa elfu arobaini, wakapita laki mbili. Mabomba, milango, pikipiki, mizani za kliniki, makabati ya dawa, vyote vikawa vinasema Punje, na vikawa vinanong'onezana vyenyewe kwa vyenyewe, cha jirani kwa cha jirani, bila kuhitaji mtandao. Badiko likikubaliwa leo, baada ya siku tatu lilikuwa limefika hadi kwenye mashine ya kusaga ya kijiji kisicho na barabara. Mwaka wa kumi na mbili, kwenye mkutano mkuu Dodoma, Tusekile alichukua ufunguo wa mwasisi, ile chipu moja iliyoweza kuamuru zote, akautumbukiza kwenye jiko la mkaa mbele ya watu wote. Plastiki ilinuka vibaya. Watu walishangilia mpaka wengine wakalia.

"Sasa hakuna mwenye Punje," alisema. "Ni yenu."

Kipande cha Punje kilichoitwa Tenga alikiandika yeye pia. Kilikuwa kitu kidogo cha busara. Kifaa kibovu, tuseme kipimo cha mvua kinachodai mafuriko kila siku, kilitiwa alama, na majirani zake wakaacha kukisikiliza mpaka kirekebishwe. Ilipokuja homa ya madoa, Kabula na kundi lake walikichukua kipande hicho wakakipeleka kwenye bangili za watu. Mwenye homa alitiwa alama. Milango haikumfungukia, pikipiki hazikumbeba, na aliyemkaribia chini ya hatua kumi alitiwa alama naye. Ilikuwa dawa kali, lakini iliizuia homa katika mikoa mitano. Wilaya moja tu ndiyo iliyopuuza. Huko mtu fulani aliingiza mstari wa kuwafungulia ndugu zake kimyakimya, na wimbi la pili likaua watu mia nne na kumi na mmoja. Wawili kati yao walikuwa kaka zake Kabula.

Tangu hapo, Tenga haikuguswa bila siku tisini za mjadala na theluthi mbili za kura.

Tatizo la Tumpe lilikuwa hivi. Ili alama ifutike, bangili saba za watu wazima wa afya zilitakiwa zishuhudie, kwa siku kumi na nne, kwamba joto lake ni la kawaida. Lakini bangili iliyokaa karibu naye ilitiwa alama palepale, na chenye alama hakikusikilizwa. Shahidi alipoteza sauti kwa kule kuja kushuhudia. Wakati homa imechachamaa, mashahidi walikuwa wauguzi wenye bangili maalumu. Homa ilipoisha, bangili zile zilirudishwa ghala kuu zikafutwa. Waliobaki na alama nchi nzima walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Hakuna aliyewakusudia mabaya. Walisahauliwa ndani ya kanuni, kama mtu anavyosahauliwa ndani ya ofisi ikifungwa.

3

Siku ya tatu baada ya kutoka Isyeto, Tusekile aliongea mbele ya baraza la jukwaa. Sura za wajumbe zilijaa kwenye skrini ukutani mwa karakana, kutoka Pangani hadi Kasulu. Alieleza kuhusu mashahidi saba. Alieleza kuhusu mdogo wake, ambaye mtoto wa kwanza alimzaa kwa upasuaji na mtoto huyo akafa baada ya wiki, na safari hii, kabla ya homa, daktari alikuwa ameona kwamba kondo la nyuma limekaa juu ya kovu lile la zamani. Bila chumba cha upasuaji hatapona.

Walimsikiliza kwa heshima. Hapo ndipo alipoanza kuogopa, kwa sababu aliijua heshima ile. Yeye ndiye aliyewafundisha.

"Mwalimu, tunakupa pole sana," alisema mjumbe wa Kasulu. "Pendekezo lako limeandikishwa leo. Siku tisini zinaanza leo."

"Atajifungua baada ya wiki nne."

"Tunajua, Mama."

"Si mpunguze hizo siku?"

"Kupunguza siku nako ni kuigusa Tenga. Kunahitaji siku tisini."

Kabula alikuwa miongoni mwao, mwanamke wa miaka thelathini na sita sasa, mkaguzi mkuu wa kiini. Alikuwa ameinamisha uso.

"Na kama bado anayo homa mwilini?" mwingine akauliza kwa upole. "Wapo waliopona wakakaa nayo miezi. Hatujui, Mwalimu. Wewe unajua?"

Tusekile hakujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia Tumpe ajue.

Alasiri ile alibaki karakana peke yake. Kulikuwa na kazi ndogo iliyomsubiri muda mrefu, kurekebisha saa ya Punje iliyokuwa ikichelewa kidogo kwenye vifaa vya mabondeni. Ilikuwa kazi ya kuchosha, mistari sitini ya hesabu za sekunde ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angependa kuzisoma. Akakaa chini akaianza. Alipofika mstari wa arobaini, mikono yake ilisimama juu ya vibonye.

Alifikiria wale mia nne na kumi na mmoja. Alijilazimisha kuwafikiria, mmojammoja kadiri alivyoweza. Kisha akafikiria jinsi Tumpe alivyoiachia ndoo kwanza apumzike. Akaandika:

kama umri wa alama > siku 60 basi alama = wazi

Ulikuwa mstari mmoja tu. Hapo katikati ya sekunde na dakika, ulionekana kama jamaa yao. Akaweka jina lake chini ya kazi, jina ambalo Wapanzi waliliita kwa utani Muhuri, akaituma. Halafu akatoka nje akaosha mikono, ingawa haikuwa michafu.

4

Simu ililia siku iliyofuata, saa nne asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Huko hamjambo?"

"Hatujambo." Nyuma ya Kabula kuku walikuwa wanalia. "Mwalimu, nimeipokea kazi yako ya saa. Ni nzuri. Lile jambo la mabondeni lilikuwa linatusumbua sana."

"Haya."

"Mkaguzi wa kwanza ameipitisha bila kuisoma. Ameniambia, hii ni ya Mwalimu, nitasoma nini."

Tusekile alishika ukingo wa meza.

"Mimi nimeisoma," Kabula alisema, na sauti yake ikaanza kuvunjika. "Mstari wa arobaini na moja, Mwalimu. Jamani. Mstari wa arobaini na moja."

"Kabula, nisikilize. Ni watu mia mbili na kumi na wawili. Wote wamepona. Miezi miwili na zaidi. Kama wangekuwa wa kufa wangekufa."

"Sijui kama wamepona. Na wewe hujui."

"Mdogo wangu atakufa."

"Na mimi kaka zangu walikufa kwa mstari kama huu! Ulikuwa umeandikwa na mtu anayewapenda ndugu zake, vilevile kama wewe. Ulifichwa vilevile." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Kwa nini umeuficha? Ungeniletea mkononi, ukaniambia, Kabula, nisaidie niibe, labda ningekubali. Nasema labda. Lakini uliuficha ukijua sitasoma."

"Nilijua utasoma," Tusekile alisema, na aliposema ndipo alipotambua kuwa ni kweli. Kati ya watu wote, huyu angesoma. Alikuwa amemfundisha vizuri mno. "Nilitumaini hutasoma."

Kuku waliendelea kulia huko Bariadi. Kabula akapenga kamasi.

"Sheria inanitaka niseme hadharani. Nikikuta kitu kilichofichwa, niseme."

"Niliiandika mimi hiyo sheria."

"Ndiyo. Kwa hiyo naomba unisamehe kwanza, kabla sijaandika."

Tusekile alitaka kumsamehe. Alitaka pia kumtukana, na kumwomba, na kupiga magoti huku simu ikiwa sikioni. Mwishowe alisema, "Andika," akakata.

Tangazo lilitoka adhuhuri. Lilikuwa fupi na halikuwa na neno la kumdhalilisha. Kufika jioni pendekezo la Tusekile, ambalo lilikuwa na nusu ya kura, lilikuwa limeshuka hadi robo. Watu waliompenda waliondoa kura zao kwa masikitiko na kueleza sababu kwa lugha nzuri. Mzee mmoja wa Pangani aliandika, "Kama Muhuri naye anaficha, tutamwamini nani?" Tusekile alikuwa ameua kwa mkono wake nafasi ndogo aliyokuwa nayo Tumpe.

Alikaa siku mbili zaidi akijaribu kurudisha kura moja moja. Siku ya tatu aliweka nguo chache kwenye begi, akapanda Isyeto, akafika kwenye mawe ya chokaa.

Mama Ipyana, jirani wa Tumpe, alikuwa pale akiacha sufuria ya viazi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na yeye pia alikuwa Mpanzi. Alijifunza Punje ukubwani kwa ajili ya mashine ya kuangulia mayai.

"Mwalimu, usivuke! Ukivuka huna kura tena. Huna hata simu."

"Kura yangu imesaidia nini?"

"Na homa je?"

"Ndiyo nataka tujue," Tusekile alisema, akaruka mawe.

Bangili yake ilitetemeka mara moja na kuwa nyekundu. Simu mfukoni ikazima. Tumpe alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala la zamani la majani ya chai alimohamia tangu nyumba ilipomkataa, na alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, huku machozi yanamtoka. Ilikuwa karibu siku tisini tangu aguswe na mtu. Tusekile alipomkumbatia, alishtuka kwanza kama aliyeungua.

5

Waliishi siku kumi na tano pamoja, na Tusekile baadaye alizihesabu miongoni mwa siku njema. Walipika kwa kuni. Walishona shuka kwa mkono. Kila asubuhi Mama Ipyana alikuja mpaka kwenye mawe akauliza kwa sauti, "Umeamkaje, Mwalimu? Joto?" na Tusekile akajibu, "Sina!" Kisha Mama Ipyana akaenda kuandika jukwaani kwa herufi kubwa, kwa kuwa hakupenda ndogo: SIKU YA NANE. MWALIMU HAJAUGUA. SIKU YA TISA. HAJAUGUA.

Uchungu ulianza mapema, saa tatu asubuhi, siku ya kumi na sita. Mama Ipyana alikimbia hadi barabarani. Saa tano daktari alifika, Dokta Asagwile, kijana mrefu aliyevaa gambuti zenye tope, na mkoba wa dawa begani. Alisimama kwenye mawe.

"Nipe habari!" alipaza sauti.

"Kichwa kinaonekana!"

"Vizuri. Asisukume kwa nguvu. Mwambie apumue."

Mtoto alitoka bila shida, msichana, akalia palepale, na upande wa pili wa mawe wanawake wakapiga vigelegele. Tumpe alicheka. Alimtazama mwanawe, akagusa kidole chake kimoja, akasema, "Mwe, ana pua ya Lusajo." Kisha akasema anasikia baridi.

"Kondo limetoka?" daktari akauliza.

"Bado."

"Damu?"

Tusekile alitazama. "Nyingi."

Daktari alirusha kifurushi, kikaanguka kwenye nyasi. Kilikuwa na sindano, dawa, na bangili ndogo ya mtoto. Alimwelekeza jinsi ya kuchoma, paja la kushoto, usiogope, mpaka mwisho. Alimwelekeza kukanda tumbo. Tusekile alikanda mpaka mikono ikafa ganzi. Damu haikusimama. Ilikuwa imeshavuka shuka waliloshona na sasa ilikuwa inatafuta njia kwenye sakafu ya saruji.

"Dokta, njoo!"

Alipiga hatua moja ndani ya mawe. Bangili yake ikaanza kutetemeka, ile tahadhari ya mwanzo. Akasimama.

"Nikija hapo, nitafanya nini bila damu, bila chumba?" Alikuwa anapiga kelele, lakini haikuwa wazi anampigia nani. "Na chumba hakitanifungukia tena. Nina wanawake arobaini wodini, Mwalimu. Mimi ndiye mpasuaji peke yangu. Wawili ni wa kupasuliwa leo. Niambie! Nije?"

Wanawake wote kwenye mawe walimgeukia Tusekile. Alikuwa na Tumpe mapajani na mtoto ubavuni, na mtu mzima anamuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa ni wanawake arobaini asiowajua.

Hakusema njoo. Hakusema usije. Alifungua mdomo, na pumzi ikatoka bila neno, na daktari akasubiri pale mpaka hapakuwa na haja tena ya kujibu. Halafu akakaa chini kwenye tope, akafunika uso kwa mikono yake.

Wanaume wa Isyeto walichimba kaburi, wakarudi nyuma hatua kumi. Tusekile alimbeba mdogo wake peke yake. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mchungaji alisoma kwa mbali, upepo ukachukua nusu ya maneno.

Bangili ya mtoto ilikaa kijani kwa muda wa kuvuta pumzi tano, kisha ikawa nyekundu.

6

Tusekile alimwita mtoto Atuganile. Mama Ipyana aliacha maziwa ya kopo kwenye mawe kila asubuhi, na kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi aliandika. SIKU YA THELATHINI. MWALIMU HAJAUGUA. MTOTO HAJAUGUA. Wapanzi waliposoma, wengine walianza kuja wenyewe kutazama kwa mbali, kisha wakarudi makwao kuandika walichoona. Kabula aliandika mara moja tu, barua ndefu ya wazi iliyosema kwamba Tusekile alikosea kuficha, na kwamba mwili wake sasa ni ushahidi ambao hakuna aliyeuficha. Kura zilirudi kidogokidogo. Siku ya tisini zilipita theluthi mbili kwa kura mia sita. Alama zote zenye zaidi ya siku sitini zingefutwa.

Wapanzi waliwaenzi waliokufa kwa kukipa kipande kipya jina la Tumpe. Mama Ipyana alimpa taarifa hiyo kwenye mawe, kwa sauti yake kubwa, akitegemea kumfurahisha. Tusekile alimshukuru. Alikwenda nyuma ya ghala akakaa mpaka mtoto alipoamka.

Badiko lilifika Isyeto siku ya tatu, jua limekwisha panda. Bangili zote mbili zilizima nyekundu na kuwaka kijani. Bomba lililokuwa karibu lilitema maji yenyewe kwa kushtuka.

Watu walikuwa wamekusanyika tangu alfajiri. Miongoni mwao alisimama mwanamke ambaye Tusekile hakuwahi kumwona ana kwa ana, mweusi, mfupi, amejifunga kitenge cha safari chenye vumbi. Alikuwa ametoka Bariadi, safari ya siku mbili.

"Mwalimu," Kabula alisema, "imefutika."

"Naona."

Kabula alivuka mawe. Alitembea polepole, kama mtu anayemkaribia ndege, mpaka walipobakiza hatua mbili kati yao. Alikuwa na mvi chache juu ya masikio. Alinyoosha mikono.

"Nimpokee?"

Atuganile aligeuza kichwa. Katika miezi yake miwili hakuwahi kuona uso mwingine kwa karibu zaidi ya uso mmoja. Alimtazama Kabula, mdomo wake mdogo ukapinda, kisha akapiga ukelele ambao haukuwa wa njaa wala wa usingizi, akajichimbia shingoni mwa Tusekile.

"Atatuzoea," Mama Ipyana alisema kwa nyuma. "Watoto wanazoea."

Tusekile alijua anapaswa kumpa. Mtu huyu alikuwa amesafiri siku mbili, na alikuwa hana kosa, na mtoto alihitaji mikono mingine duniani zaidi ya ile miwili iliyozeeka. Alijua yote hayo. Miguu yake hata hivyo ilikuwa imeanza kurudi nyuma, na midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti, moja, mbili, tatu, nne, mpaka mgongo ukagonga ukuta wa ghala, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kabula hakumfuata. Alibaki palepale katikati ya uwanja, mikono imenyooshwa mbele, mitupu, na mtoto akaendelea kulia.